Samaki wa Thailand Waliozaliwa Kimara

Jumamosi moja mwezi uliopita nilikuwa nimesimama kwenye duka la samaki wa mapambo hapa Dar, nasubiri muuzaji anipimie chakula cha samaki kwenye kimfuko, akaingia mama mmoja na mtoto wake wa kiume wa kama miaka saba hivi. Mtoto akaganda kwenye tangi la chini kabisa, lile la karibu na mlango. Mle ndani kulikuwa na visamaki kumi na sita, kila kimoja kama kidole cha mwisho, rangi ya embe lililoanza kuiva.

"Hawa wanatoka wapi?" mama akauliza.

"Thailand hao mama," muuzaji akajibu bila hata kugeuka. "Orijino."

Sasa. Wale samaki nilikuwa nimewaleta mimi mwenyewe siku tisa kabla, kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, kwa bajaji, kutoka Kimara. Walizaliwa sebuleni kwangu, pembeni ya tv. Mama yao namjua. Na kile chakula nilichokuwa nasubiri kupimiwa ndiyo malipo yao, maana tulikubaliana na muuzaji tusipeane hela, tubadilishane.

Nikanyamaza.

Nikachukua kimfuko changu nikaondoka, na toka siku hiyo nikiwa kwenye daladala, nikiwa naoga, nikiwa kwenye kikao cha ofisini ambacho hata hakinihusu, najiuliza kitu kimoja: ningesema wanatoka wapi?

## Mtoto wa ziwa

Mimi ni wa Liuli. Kwa wasiofika, shukeni Mbinga, endeleeni kushuka mpaka muone maji, alafu fuateni ufukwe wa Ziwa Nyasa. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe moja kubwa pale bandarini waliloliona limekaa kama lile sanamu la Misri. Sisi kwetu lilikuwa jiwe tu. La kupanda, la kuruka kutoka juu, la kukalia ukivua na kindoano.

Nimejua kuogelea kabla ya kujua kusoma. Mbasa namjua, vituwi nawajua, magege, dagaa, wote hao nimewala mpaka basi. Lakini vile visamaki vya rangi rangi vinavyokaa kwenye mawe? Tuliviona, ndiyo. Vilikuwa vinagusa gusa miguu. Hakuna aliyevitilia maanani, mnofu wenyewe hauonekani, ukikipata kwenye ndoano unakitoa chambo.

Miaka ishirini na kitu baadaye nikaingia kwenye ofisi ya mteja mmoja Posta, mzee wa maana, nyuma ya kiti chake kuna akwariamu ya ukutani na samaki wa njano na wa bluu wanakimbizana. Nikaganda kama yule mtoto wa dukani. Mzee akafurahi, akaniambia hao ni siklidi wa Afrika, jamii ya mbuna, yaani vile vile visamaki vya kwenye mawe, wa Ziwa Malawi.

Nikamwambia mzee, hilo ziwa ni Nyasa, na mimi ndiyo kwetu.

Akacheka. (Suala la jina na mpaka limewashinda wenye vyeo vyao, kwahiyo hapa tusilianze.) Lakini nilitoka pale kifua mbele kabisa, kama vile wale samaki niliwatengeneza mimi. Mwezi ule ule nikaamua na mimi nitafuga. Sikuanza kwa kupenda samaki, nisijidanganye. Nilianza kwa sifa. Nilitaka mgeni akija aulize, na mimi nijibu: hao ni samaki wa kwetu.

## Fundi na milimita sita

Tangi nilitengenezesha kwa fundi wa vioo. Urefu sentimita 120, upana 40, kina 50, ukipiga hesabu unapata lita 240. Fundi akataka kutumia kioo cha milimita 6, "inatosha kaka, mbona madirisha ya ghorofa tunaweka hiyo". Nikamwambia dirisha halibebi robo tani ya maji. Tukaishia milimita 10 na nikaongezea hela kwa roho nzito. Silikoni nayo ni darasa, ile yenye dawa ya kuzuia ukungu wa bafuni inaweza kuua samaki, unatafuta ile ya kawaida inayonuka siki, unaiacha ikauke kabisa, alafu unajaza maji nje kibarazani siku mbili uone kama inavuja. Majirani wakaanza kuulizana kama nafungua baa.

Mawe nilitumia yale ya matumbawe ya kujengea, mchanga nikachukua wa pwani wenye vipande vya kombe, nikauosha, nikauosha tena, mpaka mke wangu akauliza kama naupika. Vyote viwili vina chokaa na hapo ndipo raha ilipo, maana maji ya Nyasa yana pH (kipimo cha uchachu) kama 7.7 hadi 8.6, hayana uchachu, na chokaa inasaidia pH ya maji ya tangi isishuke. Kitu cha muhimu ambacho nilibahatika kukisoma mapema: weka mawe kwanza, yakae kwenye sakafu ya tangi, ndiyo umwage mchanga. Mbuna wanachimba. Ukiweka mawe juu ya mchanga, siku moja watachimba chini yake na jiwe litaenda na kioo.

Maji ya kisima cha mtaani nilitaka kuyatumia nikidhani chumvi yake ndiyo "ugumu" wa maji unaotajwa kwenye vitabu, yaani madini kama chokaa. Sio. Nyasa ni maji baridi, tumeyanywa maisha yetu yote. Nikarudi kwenye maji ya bomba, nayaacha kwenye ndoo siku nzima klorini iondoke.

Na hita? Maelekezo yote ya Wazungu yanaanza na hita. Dar mwezi wa pili, tangi langu linasoma nyuzi 30 bila kuwasha chochote. Mimi nimefunga feni ndogo inapuliza juu ya maji.

## Siku kumi na moja

Tangi likajaa, maji yakawa meupe kama kioo, nikalala usiku mmoja, kesho yake asubuhi nikaenda kununua samaki tisa.

Kama umewahi kufuga samaki, najua hapo umeshika kichwa.

Siku ya tatu wakaanza kupanda juu, midomo nje, wanahema kama watu waliopanda mlima. Mashavu yamekuwa mekundu. Nikadhani njaa, nikaongeza chakula! Siku ya tano akafa wa kwanza, siku ya saba wawili, na mpaka siku ya kumi na moja walikuwa wamebaki watatu. Maji bado meupe. Hicho ndicho kilichokuwa kinanichanganya, yaani ningeweza kuyanywa.

Kilichowaua hakionekani. Samaki anatoa amonia, na kwenye ziwa kuna maji mengi na bakteria wa kuibadilisha. Bakteria wa aina moja wanaigeuza kuwa naitraiti, ambayo nayo ni sumu, alafu wengine wanaigeuza naitraiti kuwa naitreti ambayo samaki anaweza kuivumilia kwa kiasi. Kwenye tangi jipya hao bakteria hawapo. Unawasubiri wazaliane kwenye filta, wiki nne, sita, ndipo unaleta samaki. Mimi nilisubiri usiku mmoja.

Alafu kuna kitu ambacho nilipokisoma nilikaa chini. Amonia hiyo hiyo, kiasi hicho hicho, inakuwa kali zaidi pH ikipanda. Kwenye maji ya 7 sehemu kubwa imekaa kwenye hali isiyo na madhara makubwa, kwenye maji ya 8.5 ile sehemu yenye sumu inaongezeka zaidi ya mara kumi. Na joto nalo linaongezea. Maana yake ni kwamba yale mawe ya chokaa na ule mchanga niliouosha siku nzima, kila nilichofanya ili maji yafanane na ya nyumbani, ndicho kilichoinoa ile sumu.

Jamaa mmoja anayefuga Tabata alinipa kipande cha sponji chafu kutoka kwenye filta yake, kimejaa wale bakteria. Chafu kweli kweli, kinanuka. Nikakiingiza kwenye filta yangu kama mtu anayepokea mbegu, nikawa nabadilisha theluthi ya maji kila baada ya siku mbili, na wale watatu wakapona. Kwa wiki kadhaa sikununua samaki hata mmoja, nilikuwa natunza maji tu. Na umeme ukikatika usiku, filta inasimama, wale bakteria nao wanahitaji oksijeni, kwahiyo mara mbili mke wangu amenikuta saa nane usiku na tochi mdomoni nachota maji kwa jagi nayamwaga humo humo ili yapate hewa. Hakusema kitu. Mara ya pili aliniletea kiti. Sasa hivi nina pampu ya betri.

## Wachache wanauana

Wale watatu waliponisadikisha kwamba maji yamekaa sawa nikarudi dukani, nikachukua "mchanganyiko". Hivyo ndivyo wanavyouzwa, mchanganyiko wa siklidi, unachagua kwa rangi kama peremende. Nikachukua wanne tu kwa uoga. Mmojawapo wa mistari ya njano na nyeusi, mzuri balaa.

Yule wa mistari akageuka shetani. Akabadilika na rangi kabisa, njano ikaondoka akawa mweusi, nikaja kujua kwamba ni dume wa aina inayoitwa auratus na madume ya auratus ndivyo yanavyokua. Akachukua nusu ya tangi, kisha tangi zima. Wenzake wakawa wanaishi kwenye kona ya juu, nyuma ya bomba la filta, mapezi yamechanika.

Dawa yake ni ya ajabu na nilibishana nayo wiki mbili: ongeza samaki. Ukiwa na wachache, mbabe anamfahamu mnyonge wake kwa jina, anamfuata yeye tu mpaka amuue. Wakiwa wengi, ugomvi unasambaa, hakuna anayepigwa peke yake. Unaongeza na mapango ya mawe, majike yawe mengi kuliko madume. Filta nayo lazima iwe na nguvu kuliko kawaida, vinginevyo unarudi kwenye siku kumi na moja. Nikafika samaki ishirini, auratus nikamrudisha dukani, na ghafla tangi likatulia kama mtaa wenye watu.

## Dagaa

Hii naiandika haraka maana inaniuma. Nilitaka kuwapa chakula cha nyumbani. Nikasaga dagaa wakavu, wale wale wa Nyasa waliotumwa na mama kwenye basi, nikawa nawanyunyizia. Walikula kwa fujo, nikajisikia raha.

Mbuna kazi yao ni kukwangua mwani kwenye mawe. Utumbo wao mrefu umekaa kwa majani. Wafugaji wengi wanahusisha protini nyingi ya nyama na ule ugonjwa wao wa kuvimba tumbo, na mimi nilipata wawili waliovimba wakafa ndani ya wiki. Sasa hivi wanakula spirulina (aina ya mwani) na mchicha niliouchovya kwenye maji ya moto. Samaki wa ziwa langu, ziwa nililokulia, na sikujua hata wanakula nini.

## Mama aliyegoma kula

Jike mmoja wa njano akaacha kula. Shingo imevimba chini ya kidevu, kajificha kwenye pango, kila nikitupa chakula ananiangalia tu. Nikasema basi, tumbo tena. Nikachukua wavu nimtoe asiambukize wengine. Nilikuwa nimeshamweka juu ya ndoo, taa ya simu ikampiga usoni, akafungua mdomo kidogo.

Mdomoni kulikuwa na macho.

Vitoto. Mbuna wanalea mdomoni, jike anataga, anayaokota mayai yake mdomoni palepale, kisha anakaa nayo kama wiki tatu hali kitu. Dume ana madoa ya duara kwenye pezi la chini, yanafanana na mayai, jike anadhani kasahau mengine, anayafuata ayaokote, na hapo ndipo anapopokea mbegu. Nilimrudisha taratibu, mikono inatetemeka, nikamtengea beseni lake na pampu ndogo. Baada ya siku nne akawatema kumi na saba. Mmoja alikufa. Kumi na sita ndiyo wale wa dukani.

Binti yangu alikuwa anaamka kabla ya shule kuwahesabu.

## Ramani

Sasa nifike kwenye kinachonisumbua.

Vile vitoto vilivyokuwa vinakua, rangi ikakataa kukaa. Mama yao ni wa njano, yule ambaye wataalamu wanamwita Labidochromis caeruleus (na "caeruleus" maana yake bluu, samaki wa njano anaitwa bluu, kwa sababu waliopewa jina hilo kwanza walikuwa wa Nkhata Bay, Malawi, weupe wenye ubluu). Wa njano halisi ana mstari mweusi unaokatiza pezi la mgongoni. Watoto wangu mstari ulikuwa hafifu, wengine hawana kabisa, na rangi imeenda kwenye chungwa. Nikamwangalia yule dume wangu wa chungwa. Akaniangalia.

Chotara.

Usiku ule nikaanza kusoma kila samaki aliyemo tangini katokea wapi, na nikakuta kitu kuhusu ziwa langu ambacho hakuna mwalimu aliyewahi kunifundisha. Mbuna haondoki kwenye mawe. Kati ya jiwe na jiwe kukiwa na mchanga mrefu, havuki. Kwahiyo kila kisiwa, kila rasi, ina watu wake wenye rangi yao, na aina kwa mamia hazipo popote pengine duniani. Wafugaji wa Ulaya wanawaita kwa jina la mahali. Kuna anayeitwa Hongi. Hongi, kisiwa cha upande wetu wa Tanzania! Kuna wa Lundo. Kuna wa Mbamba Bay. Kuna yule mwenye pua ndefu, Labeotropheus fuelleborni, kapewa jina la Fülleborn, daktari wa Kijerumani aliyekusanya samaki kaskazini ya ziwa. Kuna mtu yuko Sweden sasa hivi, anabishana na mwenzake kama samaki wake ni Hongi halisi au sio.

Nikachukua daftari nikaorodhesha wa kwangu. Wa njano: asili yao pwani ya Malawi, Lion's Cove. Wa chungwa, aina ya estherae: Msumbiji, mwamba wa Minos. Auratus niliyemrudisha: kusini kabisa, Malawi.

Hakuna hata mmoja wa upande wetu. Hakuna.

Miezi yote hiyo nawaambia wageni "hao wa kwetu, wa Liuli", mmoja mpaka nilimwonyesha na jiwe kwenye picha, kumbe ndugu zao hawajawahi kuliona lile jiwe, ziwa lenye kina kinachofika mita 700 limekaa katikati. Na hawa wenyewe sio wa Malawi wala Msumbiji, wametoka kwenye mashamba ya kuzalisha huko huko Asia, wazazi wa wazazi wao walizaliwa kwenye saruji. Muuzaji alikuwa karibu na ukweli kuliko mimi.

Ndiyo maana nilinyamaza? Napenda kufikiri hivyo. Lakini kuna siku nasema hapana, nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nimeshika chakula. Sikumwambia muuzaji kwamba ni chotara. Niliogopa atawakataa. Na yule mtoto akiwakuza, wakazaana, mama yake akawauza kama wa njano halisi, uongo ule una sahihi yangu pia.

## Kwenu wapi

Binti yangu alinisikia namsimulia mama yake. Akauliza, kwahiyo vitoto vyetu kwao ni wapi?

Mama yake ni wa Machame. Mimi wa Liuli. Yeye kazaliwa Mwananyamala, Kinyasa hajui, Kichaga anajua kusalimia. Kila Desemba mashangazi wa pande zote mbili wanamuuliza "kwenu wapi?" na anaangalia chini anangoja mmoja wetu ajibu.

Sikumjibu. Nilimwambia akalale.

Kesho yake nikampigia baba mdogo, bado anavua, ana simu ya batani. Baada ya shikamoo na habari za mvua nikamuuliza, baba mdogo, vile visamaki vya pale kwenye jiwe, vina rangi gani?

"Vipi?"

"Vile vidogo, vya kwenye mawe."

Akakaa kimya, nasikia upepo kwenye simu. "Vya bluu," akasema. "Vingine vina kama kutu huku mgongoni. Kwani vimefanya nini?"

Nikamwambia hamna, nilikuwa nauliza tu. Akaniuliza kama Dar samaki wameadimika. Nimeomba likizo ya mwezi wa nane na nimenunua miwani ya kuogelea, ya kwangu na ya binti, sijawahi kuvaa miwani kwenye yale maji hata siku moja. Sitabeba samaki kurudi nao. Nataka kuona tu.

Juzi wakati naandika hii, jike wa njano kagoma kula tena. Na jana jioni muuzaji akapiga.

"Kaka, wale Thailand wako wameisha. Unao wengine?"

Nikamwambia, sikia, kuna kitu kuhusu hao samaki inabidi nikwambie kwanza.

"Kaka niambie ukija," akasema. "Nina wateja hapa."